Pakiti zimeingia, nyaraka hazimo: skuli isiyo na mtandao ifanyeje?

SWALI: Assalamu alaykum. Nafundisha kompyuta katika skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba. Tuna seva, yaani kompyuta kuu, yenye mfumo wa Ubuntu 24.04 na kompyuta za wanafunzi zilizounganishwa nayo. Nimeweka lugha ya Python, pakiti zake za ziada na LaTeX (programu ya kupangia maandishi), na vyote vinafanya kazi. Shida ni nyaraka, yaani maelezo ya matumizi yake. Nilisakinisha python3-doc, apt (amri ya kusakinisha pakiti) haikulalamika, lakini nikifungua folda zake chini ya /usr/share/doc naona faili la hakimiliki na la historia ya mabadiliko tu. Nikiandika man ls ili nisome maelezo ya amri ya ls, naambiwa mfumo huu umepunguzwa. Intaneti yetu ni bando la simu. Nifanye nini ili wanafunzi wasome bila mtandao?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Kwanza usinunue bando jengine. Ulichoshusha kilikuwa kamili. Seva yako ndiyo iliyoyaacha nje mafaili wakati wa kusakinisha, na ukishusha tena leo itayaacha vilevile. Tazama faili hili:

cat /etc/dpkg/dpkg.cfg.d/excludes

Bila shaka utakuta mistari kama hii:

path-exclude=/usr/share/man/*
path-exclude=/usr/share/doc/*
path-include=/usr/share/doc/*/copyright

Maana yake, kila kinachokwenda /usr/share/doc kizuiliwe, isipokuwa hakimiliki na vichache vyengine. Aliyeweka seva alichagua usakinishaji mdogo. Kanuni za Debian (mfumo ulioizaa Ubuntu), ambazo Ubuntu inazifuata, zinakataza programu yoyote kutegemea faili lililomo /usr/share/doc ili ifanye kazi. Ndiyo maana mtu anaweza kuifuta folda nzima na hakuna kinachoharibika, wala apt haioni kosa. Kwa seva ambayo hakuna mtu anayeingia kusoma, ni sawa. Kwa skuli si sawa hata kidogo, na ningependa kila anayeziandalia skuli zetu mashine alijue hili kabla ya kubonyeza chaguo hilo.

Liondoe faili hilo pale lilipo, kisha sakinisha upya, kwa sababu yaliyozuiliwa hayarudi yenyewe:

sudo mv /etc/dpkg/dpkg.cfg.d/excludes /root/
sudo apt-get install --reinstall python3.12-doc

Nimetaja python3.12-doc kwa makusudi. Hiyo python3-doc ni jina la kuitia tu, maandishi yenyewe yamo katika pakiti ya toleo. Ukimaliza, andika dpkg -V python3.12-doc. Ikinyamaza, mafaili yote yapo.

Ule ujumbe wa man unakushauri utumie unminimize. Ni ushauri mzuri kwa mwenye mtandao wa kutosha, kwani amri hiyo hupitia mfumo mzima na kushusha upya pakiti nyingi kwa mpigo. Kuliondoa lile faili pekee hakuirudishi man, kwani imewekewa kizuizi chake, na unminimize ndiyo inayokiondoa. Basi amri hiyo iache hadi siku utakapopata mtandao mzuri.

Sasa pakiti za ziada. Kwa kawaida apt haileti nyaraka pamoja na programu, maana nyingi zimewekwa katika daraja la mapendekezo mepesi, ambayo apt huyaruka. Andika apt-cache depends python3 uangalie mistari inayoanza na Suggests, utaiona python3-doc hapo. Fanya hivyo kwa kila pakiti unayofundishia, uchague kwa mkono. Matplotlib (ya kuchorea grafu), kwa mfano, ina python-matplotlib-doc. Usitumie --install-suggests, italeta na mengi usiyoyahitaji. Na kabla ya kujibu ndiyo, soma idadi ya MB anayokuonesha apt. Kwa LaTeX hasa uwe mwangalifu: texlive-latex-extra-doc peke yake ni mamia ya MB. Nayo pia hukaa chini ya /usr/share/doc, kwa hiyo bila kuliondoa lile faili ingepotea vilevile.

Kwa mzigo mkubwa namna hiyo, mtafute mwenzako mwenye mtandao mzuri, hata kama yuko Unguja, mwenye Ubuntu toleo hilohilo. Ashushe bila kusakinisha:

sudo apt-get install --download-only texlive-latex-extra-doc

Mafaili ya pakiti, yanayoishia .deb, atayakuta /var/cache/apt/archives.  Ayatie kwenye flashi, ije na boti mpaka Mkoani, nawe uyasakinishe kwa sudo dpkg -i *.deb ukiwa ndani ya folda hiyo. Pakiti za nyaraka huwa na jina linaloishia _all.deb, kwa hiyo aina ya prosesa ya mashine yake haijalishi.

Pakiti ulizoweka kwa pip, kisakinishi cha Python chenyewe, kama zipo, ni jambo jengine. Mara nyingi haziji na kitabu, ila maelezo ya kila kazi yameandikwa ndani ya msimbo wenyewe, na pydoc, inayokuja na Python, huyasoma bila mtandao:

python3 -m pydoc -n 0.0.0.0 -p 8081

Kompyuta za wanafunzi huna haja ya kuzisakinishia chochote. Seva ikishakuwa na nyaraka, igawe folda nzima kwa chumba kizima:

python3 -m http.server 8000 --directory /usr/share/doc

Mwanafunzi afungue kivinjari, aandike anwani ya seva ikifuatiwa na :8000, kisha achague folda ya python3.12 na ndani yake html. Amri hii hufa seva ikizimwa, na umeme ukikatika pia, kwa hiyo iandike kwenye crontab (orodha ya kazi ambazo seva hujifanyia yenyewe) ikitanguliwa na @reboot ili ijiwashe yenyewe.