Maswali ya Wasomaji: Ruzuku ya Miti ya Asili Iombwe kwa Ajili ya Kiangazi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira katika mtaa mmoja wa Dodoma. Tumeelezwa kwamba kuna nia ya kuandaa andiko la kuomba ruzuku ili miti ya asili ipandwe jijini, nasi wa mitaani tumetakiwa kutoa maoni kabla andiko lenyewe halijaanza. Baadhi ya wenzangu wanauliza kwa nini tusiendelee na mwarobaini, ambao tumeuona ukistahimili ukame bila kutusumbua. Wasiwasi wangu ni mwingine. Miaka miwili iliyopita kikundi chetu kilipanda miche 400 kwa siku moja, watu wakapiga picha, na ilipofika Oktoba nilizunguka nikahesabu 19 iliyobaki. Tuandike nini ili safari hii yasitukute yale yale? – Mjumbe wa kamati, Dodoma

JIBU: Ndugu mjumbe, hesabu hiyo ya miche 19 kati ya 400 ndiyo ningependa iwe mwanzo wa maoni yenu, wala msiione aibu kuiandika. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili; baada ya hapo ardhi hukaa miezi saba hivi bila mvua ya maana. Mche uliopandwa Januari una miezi mitatu au minne tu ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi chake cha kwanza, na ukiachwa humo peke yake na mchwa, mbuzi na upepo wa Agosti, kufa kwake si jambo la kushangaza. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba fedha iombwe ya kuitunza miti kwa viangazi vitatu, na siku ya kupanda iwe kifungu kidogo tu ndani ya bajeti hiyo.

Fanyeni hesabu mbele ya kikao ili kila mtu aione. Mche mmoja ukimwagiliwa lita 10 mara mbili kwa wiki, kwa wiki 30 za kiangazi, utatumia lita 600. Miche 10,000 itahitaji lita milioni 6, yaani safari 600 za boza la lita 10,000. Hapo hamjaweka dizeli, posho ya dereva, bei ya maji yenyewe, wala mtu wa kushika mpira na kuangalia kama kisahani kilichochimbwa kuzunguka mche bado kinashika maji. Mfadhili anayeijua kazi yake ataitafuta hesabu hii, na asipoiona atajua kwamba anaombwa kugharamia sherehe. Ni afadhali sana kuomba miche 3,000 yenye maji, uzio na mlinzi kuliko 100,000 ya kutajwa jukwaani.

Najua ushauri huu unagusa mazoea. Halmashauri zetu zimekuwa zikipimwa kwa idadi ya miche iliyopandwa, kwa kuwa agizo la kitaifa linaitaka kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Silipingi lengo hilo. Nasema tu kwamba andiko la ruzuku linawapa nafasi ya kujiwekea kipimo kingine, nacho ni idadi ya miti iliyo hai baada ya miezi 36, na nawasihi muitumie nafasi hiyo bila woga.

Kuhusu mwarobaini, wenzako hawana kosa. Asili yake ni Bara Hindi na Myanmar, lakini umetufaa kwa kivuli na kwa dawa, na mchana wa Dodoma ungekuwa mkali zaidi bila mti huo. Hakuna anayetaka ung'olewe. Tatizo ni mji kuegemea mwarobaini, mjohoro, mwashoki na mkaratusi, miti michache iliyotoka mbali, ambayo mdudu au ugonjwa mmoja ukiipata, mtaa mzima unabaki jua tupu. Tena viumbe wengi wa hapa hawakuzoeana nayo tangu asili. Maua ya mbuyu hufunguka jioni, na usiku popo huja kunywa utamu wake na kuyachavusha. Mkuyu una nyigu wake mdogo sana anayezaliana ndani ya tunda, na bila nyigu huyo hakuna mbegu. Mgunga ule ambao wataalamu huuita Faidherbia albida nauona wa ajabu kuliko yote: hupukutisha majani wakati wa mvua na kuvaa majani wakati wa kiangazi, hivyo kivuli chake huja pale watu na mifugo wanapokihitaji zaidi, na maganda yake huwa chakula cha mbuzi. Ukwaju na ubuyu sina haja ya kuwaelezea watu wa Dodoma, ambao huvinunua kila siku.

Hapo kwenye mgunga nitoe tahadhari. Jina hilo hubeba miti zaidi ya mmoja, kwa maana wengi huuita hivyo hivyo mti wa Vachellia tortilis, ule wenye kilele bapa kama mwavuli, ambao hauna tabia hiyo ya kuvaa majani kiangazi. Andiko likisema “migunga 500” bila zaidi, mwenye kitalu ataleta aliyo nayo, na hatakuwa amedanganya. Wekeni jina la kisayansi kando ya kila jina la Kiswahili na la Kigogo, na mwombeni afisa misitu athibitishe mti mmoja mmoja. Mahali pa kupanda nako kutajwe. Miti yenye miiba isiwekwe kwenye viwanja vya watoto, mkuyu ukae mbali na mabomba ya maji na misingi ya nyumba, mbuyu upewe uwanja wa kutosha kwa sababu unene wake hautabiriki, na chini ya nyaya za umeme pasipandwe mti mrefu wa aina yoyote, wa asili au wa kigeni. Kwa barabara pana mimi ningechagua mkwaju.

Mninga unahitaji aya yake, maana umewaponza wengi. Katika miaka yake ya mwanzo shina la mninga hukauka kila kiangazi, kisha mvua zikirudi huchipua upya kutoka kwenye mzizi, ambao wakati wote huo ulikuwa ukinenepa chini ya ardhi. Mkaguzi atakayekuja na daftari mwezi Septemba atauandika kuwa umekufa, na kama malipo yanafuata daftari lake, mtakuwa mmepoteza fedha kwa mti ulio hai. Andiko liseme wazi kwamba hesabu ya aina hiyo ya miti itafanyika Februari, mvua zikiwa zimekolea.

Kabla ya kuwaza kitalu, tembeeni kwanza kwenye vilima na maeneo ya wazi ya kata yenu mkiwa mmeinamisha macho. Mtakuta visiki vingi vilivyo hai, vya miti iliyokatwa kwa ajili ya kuni na mkaa, vinavyochipua kila mwaka na kuliwa na mbuzi kila mwaka. Mkoa wenu una historia ya jambo hili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, ulianza mwaka 1973 na kufadhiliwa na Sweden, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Hatua ile iliwaumiza wafugaji na sishauri irudiwe. Ila ilionyesha kwamba ardhi ikipumzishwa, nyasi na vichaka vya asili hurudi bila kupandwa na mtu. Katika miaka ya karibuni mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yameeneza katika vijiji vya Dodoma njia ya Kisiki Hai, ambayo hufuata mwelekeo huo kwa upole zaidi: unachagua vichipukizi vichache vyenye nguvu, unapogoa vingine, unaweka alama ili watu wajue kwamba kisiki hicho kina mwenyewe, kisha unakilinda.

Niliwahi kusimama mbele ya kisiki cha mkwaju kisichofika magotini, kilichokuwa na vichipukizi 14 vilivyosongamana kama ufagio. Mzee aliyekuwa akitufundisha alivikagua kimoja kimoja kwa vidole, akabakiza vitatu, akafunga kipande cha kanga nyekundu kwenye kile kilichonyooka zaidi. Niliporudi baada ya misimu miwili ya mvua, hicho chenye kanga kilikuwa kimenipita kichwa. Hakikuwa kimemwagiliwa hata kopo moja la maji, kwa sababu mzizi wake ulikuwa wa mti mzima. Sehemu ya ruzuku ikienda kwenye visiki, mtapata miti mingi kwa fedha kidogo, nayo itakuwa ya asili ya mahali penyewe.

SWALI: Mhariri, nafanya kazi katika halmashauri ya mji, nje ya Dodoma, nasi tunafikiria kuomba ruzuku ya aina hiyo hiyo. Je, maombi hupelekwa wapi, na ni kitu gani humshawishi mtoa fedha? – Mtumishi, Kanda ya Kati

JIBU: Ndugu mtumishi, anzia nyumbani. Mfuko wa Misitu Tanzania, uliowekwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hutoa ruzuku kwa shughuli za uhifadhi na upandaji miti, na masharti yake yameandikwa kwa mazingira yetu. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ule wa kimataifa ambao watu wengi huutaja kwanza, haupokei maombi ya halmashauri moja kwa moja. Fedha zake hupitia taasisi zilizoidhinishwa, na hapa nchini Benki ya CRDB ilipata idhini hiyo mwaka 2019. Miradi yake huwa mikubwa na maandalizi yake ni ya miaka, kwa hiyo mji mmoja haupaswi kuuweka kuwa tumaini la mvua ijayo. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia nayo imewekwa kwa ajili ya asasi na vikundi vya wananchi, si kwa serikali. Hapo halmashauri inaweza kushirikiana na kikundi chenye usajili, kikundi kikawa mwombaji nayo ikatoa ardhi, mtaalamu na boza.

Ushawishi mkubwa niujuao ni kuonyesha kwamba fedha italipa uhai wa mti. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ulipoteza watu zaidi ya 1,000 katika maporomoko ya udongo ya Agosti 2017, kwenye vilima vilivyokuwa vimekatwa miti. Mwaka 2020, chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, mji huo ulianza kampeni ya kupanda miti milioni moja. Wakazi wa mitaa hupanda na kutunza, kila mche hupigwa picha na kuwekewa alama ya mahali ulipo kwa simu, na mtunzaji hurudi kuupiga picha tena baadaye; analipwa kwa kuurudia na kuuonyesha ukiwa hai. Mwaka 2022 Freetown ikawa miongoni mwa miji 15 iliyoshinda shindano la mameya la Bloomberg Philanthropies, kila mmoja ukapata dola milioni 1. Kwangu, kuulipa mkono unaorudi kwa mche mwezi baada ya mwezi ni haki kabla hata ya kuwa mbinu, kwa kuwa mara nyingi kazi hiyo hufanywa na akina mama wa jirani bila hata kushukuriwa.

Jambo la mwisho kwako ni kalenda. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai, ilhali miche ya kupandwa Desemba inatakiwa iwe imeoteshwa tangu Mei au Juni, na mbegu zake ziwe zimeokotwa mapema zaidi, kila mti kwa wakati wake. Ruzuku ikiingia Novemba bila mbegu wala kitalu, mtalazimika kununua kilichopo sokoni, na kilichopo sokoni huwa mwashoki. Tengeni fedha kidogo ya mapato ya ndani kwa mbegu kabla jibu la mfadhili halijaja, na mziandike kama mchango wenu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana mwenye kitalu kidogo Morogoro. Nimesikia halmashauri zitahitaji miche ya asili, lakini kila nikisia mbuyu na mgunga haioti. Nakosea wapi? – Mwenye kitalu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukosei kwenye udongo, unakosea kwenye gamba. Mbegu za mbuyu na za mgunga zina ganda gumu lisilopitisha maji, kwa hiyo chemsha maji, yaepue, tia mbegu humo na uziache zipoe na kulowa hadi kesho yake. Zilizovimba uzisie, zisizovimba uzikwaruze kidogo kwa tupa kisha uzilowanishe tena. Mkwaju hautakusumbua mbegu zikiwa mpya, na mbegu za mpingo hazihitaji kutayarishwa hivyo. Mbegu zilizothibitishwa unaweza kuziulizia kwa Wakala wa Huduma za Misitu.

Viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, viwe virefu, kwa kuwa mgunga hushusha mzizi mkuu upesi sana kabla ya kuonyesha chochote juu. Mche ukikawia kitalu, pasua kiriba kimoja uone: ukiukuta mzizi umejizungusha chini kama kata ya kubebea ndoo, usimuuzie mtu mche huo, kwa sababu utasimama mwaka mmoja kisha utaanguka. Usioteshe maelfu kwa tetesi, bali omba mkataba wa maandishi unaotaja aina, urefu na mwezi wa kuchukua. Kama una wenzako, sajilini kikundi mkaulizie mikopo ya vijana inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Viriba, neti ya kivuli na tanki la maji ndiyo ya kuanza nayo, na mbegu za mbuyu unaweza kuzipata kwa akina mama wanaotengeneza ubuyu, mradi uzichukue kabla hazijapikwa na sukari.