Jibu: Nina miaka 16, najilipia kila kitu. Je, kisheria mimi ni mtu mzima?

Pole kwa unayopitia, mdogo wangu. Kwa kifupi, hapana. Kujilipia pango hakukufanyi mtu mzima mbele ya sheria. Lazima sheria ya nchi unayoishi itoe njia ya kijana kutambuliwa kuwa mtu mzima mapema, na si nchi zote zinayo.

Nchi nyingi zimeweka miaka 18. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 nao unataja 18, isipokuwa pale ambapo sheria ya nchi inamtambua mtu kuwa mzima mapema zaidi. Nchini Marekani, majimbo ya Alabama na Nebraska ni 19, Mississippi 21.

Ukitaka kuondolewa chini ya mamlaka ya wazazi kabla ya hapo, angalia kwanza nani anaruhusiwa kuomba. California kijana wa miaka 14 anaweza kupeleka ombi mwenyewe, mradi anaishi mbali na wazazi nao hawapingi, na anasimamia fedha zake za halali. Hakimu ataangalia mapato na matumizi yako, kwa hiyo tunza risiti za mshahara na za pango tangu leo. Ufaransa ni kuanzia miaka 16, lakini mzazi ndiye anayeomba.

Tafadhali usikimbilie. Ukikubaliwa, utasaini mikataba mwenyewe, ila bado hutapiga kura, na wazazi hawatawajibika tena kukutunza. Hilo la mwisho linanitia wasiwasi sana. Kama tatizo ni kupigwa au kunyanyaswa, nenda kwanza ustawi wa jamii. Kuna amri za ulinzi zinazotoka haraka kuliko hii.