Kinyunyizio kinachojiendesha na mahali pa kukisimamisha: jibu kutoka Nyali

Ndugu uliyeuliza, umetueleza kwamba umepata kinyunyizio cha chuma chenye umbo la trekta dogo, kile kinachojiendesha kwa nguvu ya maji huku kikiufuata mpira wa maji uliolazwa juu ya nyasi, na kwamba kipandio, yaani kiinuko kidogo kilichokuja nacho kwa ajili ya kukizima, hakikusaidii: mara kitrekta kinakisukuma mbele, mara kinakipita na kwenda kuugonga ukuta. Umeuliza ununue kipandio cha aina nyingine au ukitengeneze hicho ulicho nacho. Mimi nimesimamia bustani ya nyumba za kupangisha hapa Nyali, Mombasa, kwa miaka 12, na kwa miaka 9 ya hiyo nimetumia kitrekta cha namna hiyo hiyo, ambacho mwenye nyumba alikuja nacho kutoka Marekani. Kwa hayo niliyoyapitia, nakusihi usinunue kingine. Kipandio chako huenda ni kizima kabisa, na tatizo liko mahali ulipokiweka, namna ulivyokishikiza, na presha ya maji yanayokifikia kitrekta chenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya kipandio, kwa sababu watu wengi hukidhania kuwa ni breki. Maji yakiingia kwenye kitrekta hupanda hadi kwenye mikono miwili iliyo juu, yakatoka kwa kasi kwenye matundu ya nchani, na msukumo wake ukaizungusha mikono hiyo. Mhimili wa mikono huzungusha gia zilizo tumboni, nazo gia huyageuza magurudumu ya nyuma polepole sana. Gurudumu la mbele limechongwa bonde katikati, likaukumbatia mpira, ndiyo maana kitrekta hufuata kila pindo uliloupa mpira huo. Ncha ya mpira imefungwa nyuma yake, nacho hutembea kurudi upande wa mfereji, yaani bomba la kufungulia maji, huku kikiiburura ncha hiyo. Kipandio huwekwa juu ya mpira karibu na mwisho wa safari. Wenzo ulio chini ya tumbo la kitrekta hukikwea, ukanyanyuka, na vali iliyo kwenye njia ya maji ikajifunga. Mikono ikikosa maji, gia hukosa nguvu, na kitrekta husimama. Kinachozimwa basi ni maji, na mwendo hukoma kwa sababu maji yamekoma. Mtu anayeweka tofali mbele ya gurudumu huwa ameuzuia mwendo na kuyaacha maji yaendelee, kwa hiyo magurudumu huchimba shimo, meno ya gia husagika, na tangi huendelea kumwagika mpaka mwisho.

Hilo la tangi nalisema kwa uchungu. Mwaka wa pili wa kukitumia, mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi ambapo jua ni kali na maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, nilikiwasha saa tatu usiku nikaenda kulala, nikiamini kuwa kipandio kingekizima karibu na saa sita. Kilikisukuma kipandio mbele yake, kikafika ukutani, kikabaki hapo kikizungusha mikono. Ndoo yangu ya lita 20 hujazwa na mpira ule kwa sekunde 90, yaani lita 800 hivi kwa saa, na tangi letu ni la lita 5,000. Alfajiri wapangaji waliamka wakakuta hakuna hata maji ya kutawadhia. Katika mji ambao sehemu ya maji yake husafiri kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, kumwaga tangi zima juu ya ukuta ni jambo ambalo sikutaka lijirudie, na ndipo nilipoanza kukichunguza kitrekta kwa makini badala ya kukilaumu.

Nilichokigundua ni hiki. Kadiri kitrekta kinavyosonga ndivyo mzigo wake unavyozidi. Kikianza hakiburuti chochote, lakini kikishatembea mita 24, mpira unaoburutwa nyuma yake umefikia takriban nusu ya urefu huo, yaani mita 12, nao umejaa maji. Mpira wa kipenyo cha ndani cha milimita 19 hubeba karibu lita 0.28 katika kila mita, kwa hiyo hapo kuna zaidi ya kilo tatu za maji, bila kuhesabu uzito wa mpira wenyewe wala nyasi zinazoung'ang'ania. Kipandio basi kinakikuta kitrekta pale kilipochoka zaidi, na hapo ndipo tunapokitaka kifanye kazi ngumu kuliko zote, ya kuunyanyua wenzo mpaka vali ijifunge. Ikiwa ardhi ni tepetepe, au mpira una pindo mahali hapo, au kipandio kinateleza, nguvu kidogo iliyobaki hupotea kabla wenzo haujanyanyuka vya kutosha. Kikiwa kwenye mteremko kosa ni kinyume chake: uzito wake wenyewe hukisukuma, kikakirukia kipandio na kukipita.

Kwa sababu hiyo, chagua kwanza mahali, kisha ndipo ufikirie kifaa. Tafuta sehemu iliyo tambarare na ngumu, na uhakikishe kwamba mita mbili za mwisho kabla ya kipandio mpira umenyooka kabisa, maana gurudumu linalotoka kwenye pindo huukuta wenzo ukiwa umekaa upande. Kumbuka pia kwamba maji yakizimwa, nyasi zilizo mbele ya kituo zitakuwa zimepata maji ya muda mfupi tu. Mikono ya kitrekta changu hurusha maji mita 4 kila upande, nami huweka kipandio mita 3 kutoka ukutani. Ukuta unalowa kidogo, lakini ukanda ule wa mwisho haukauki tena kama ulivyokuwa ukikauka zamani nilipokuwa nikikisimamisha mbali kwa kuogopa.

Sasa kuhusu kukishikiza kipandio. Ardhi yetu ya pwani ni ngumu kuizoea, kwa kuwa hatua mbili tu zinaweza kukutoa kwenye mchanga mtupu ukakanyaga jiwe la matumbawe. Nilimpelekea kipandio fundi wa kuchomea vyuma kule Kisauni, akakitia masikio mawili yenye matundu, nami nikakipigilia chini kwa vigingi vya nondo vya sentimita 30. Upande wa mchanga vigingi vililegea baada ya wiki mbili, na upande wa jiwe havikuingia hata nusu. Mwishowe nilichimba na kumwaga bamba dogo la zege, unene wa sentimita 10, uso wake ukiwa sawa na ardhi ili mashine ya kukata nyasi ipite juu bila kugonga, na ndani yake nikazamisha bolti mbili zinazoshika masikio ya kipandio kwa nati za kufunga kwa mkono. Bamba la kwanza nililikosea. Lilikuwa refu, sentimita 60 kwenye uelekeo wa safari, kwa hiyo magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yenye kusukuma, yalikuwa yamekwisha kulipanda kabla wenzo haujafika, na meno ya chuma yaliteleza juu ya zege laini. Nikalivunja na kumwaga jingine la sentimita 25 tu kwenye uelekeo huo, na uso wake nikauparuza kwa ufagio wa chelewa kabla haujakauka. Tangu hapo magurudumu ya nyuma hubaki juu ya nyasi, yakishika vizuri, wakati wenzo unapokwea. Nina mabamba matatu ya namna hiyo, na kipandio kimoja ninachokihamisha kulingana na upande ninaoumwagilia.

Kama nyasi zako ni zile za Pemba, kama zilivyo bustani nyingi huku kwetu, zipunguze kuzunguka kipandio kila wiki. Zinatambaa kwa vikonyo vinene, na nimewahi kuona kikonyo kimoja kikipita chini ya ukingo wa kipandio na kukiinua upande mmoja, wenzo ukapita kando bila kugusa.

Jambo la pili ni vali. Kwenye kitrekta changu, vali ikishafungwa, presha ya maji yenyewe ndiyo inayoibana ibaki imefungwa, na hiyo ina maana kwamba presha ikiwa ndogo vali haikai sawasawa. Tulipoanza tulitegemea tangi la juu peke yake, lililo mita 6 kutoka ardhini. Kila mita 10 za kimo huleta presha ya takriban bari moja, kwa hiyo sisi tulikuwa na bari 0.6 tu. Mikono ilizunguka kwa uvivu, kitrekta kilisimama katikati ya uwanja bila kuambiwa, na kikifika kwenye kipandio vali ilijifunga nusu, maji yakaendelea kuvuja, kikasogea kidogo kidogo mpaka kikakipita. Ukiona chako kinatambaa baada ya kukanyaga kipandio, pima presha kabla ya kukilaumu kipandio.

Halafu kuna chumvi. Wengi wetu tunatumia maji ya kisima au ya kuchimba, na maji hayo huacha ukoko mweupe kwenye matundu ya mikono na kwenye kikalio cha vali, yaani pale washa inapokaa vali ikijifunga. Kila mwezi mimi hufungua vali, nikaloweka vipande vyake kwenye siki usiku mmoja, nikavisugua kwa mswaki wa zamani. Washa ya mpira ikiwa imekakamaa huibadilisha, na nilipokosa saizi yake madukani nilikata nyingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, ikadumu msimu mzima. Weka pia kichujio cha wavu kwenye maungio ya mpira, kwa sababu punje moja ya mchanga ikikaa kati ya washa na kikalio inatosha kuzuia vali isifunge.

Kwa ajili ya presha tulinunua pampu, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko pengine pote, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu kitu cha gharama. Pampu ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na umeme. Kitrekta kilifika kwenye kipandio, vali ikajifunga barabara kama nilivyotaka, na pampu ikaendelea kuzunguka dhidi ya maji yasiyo na pa kwenda. Maji yaliyonaswa ndani yake yakapata moto, sili inayozuia maji yasivuje ikaungua, na asubuhi nilikuta dimbwi chini ya pampu. Kifaa cha kusimamisha kilifanya kazi yake kikamilifu, na ukamilifu huo ndio ulioiua pampu. Kwa hiyo usifurahie kipandio kinachozima vizuri kabla hujaweka swichi ya presha. Yetu inazima pampu presha ikifika bari 3.2 na kuiwasha ikishuka hadi 1.8, na kando yake kuna tangi dogo la presha linalopokea lile pigo la maji vali inapojifunga ghafla, pigo ambalo hapo awali lilikuwa likiichomoa mipira kwenye maungio. Swichi hiyo imenipa na faida nyingine, kwamba vali ikivuja nasikia pampu ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, hata nikiwa ndani nimefunga dirisha.

Bado sikitegemei kipandio peke yake usiku. Nilipima muda wa safari nzima kwa saa ya mkononi mara tano, kwenye gia ya polepole, nikapata kwamba mita 24 huchukua takriban saa mbili na nusu, ambazo ni lita 2,000 hivi juu ya eneo la mita za mraba 240, yaani zaidi kidogo ya lita 8 kwa kila mita ya mraba. Kisha nikanunua kifaa cha muda kinachofungwa kwenye mfereji, nikakitega kwa saa tatu. Kipandio kikishindwa, kitapotea kiasi cha lita 400, na tangi halitakauka. Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba kifaa cha muda kingetosha bila kipandio, lakini mimi sikubaliani naye, kwa sababu mwendo wa kitrekta hubadilika kila presha inapobadilika, na saa haijui kitrekta kimefika wapi.

Kwa upande wako, ningeanza na kazi isiyo na gharama. Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, nyoosha mpira kwenye mita mbili za mwisho, kishikize kipandio kwa chochote kizito kitakachokuwa pembeni na kisichoigusa njia ya magurudumu, kisha ukae hapo ukiangalia mara tatu mfululizo. Angalia kama magurudumu ya nyuma yanateleza, kama wenzo unafika juu kabisa, na kama mikono inasimama mara moja au inaendelea kudondosha maji. Utuandikie ulichokiona pamoja na presha yako, kisha tutajua kama unahitaji zege, washa au pampu.

Na kitrekta kikishasimama, nenda ukaufunge mfereji wenyewe usiku huo huo au mapema alfajiri. Mpira ulioachwa na presha kamili mpaka jua la saa nne liulainishe hupasuka karibu na klipu, na mpira ukipasuka nyuma ya vali iliyofungwa, hakuna kipandio kitakachoyazuia maji hayo. Ukishaufunga, fungua maungio ya nyuma presha itoke, ndipo uurudishe wenzo chini kwa mkono. Ukiulazimisha wakati maji bado yanaubana, utaupinda.