Maswali ya Wasomaji: Kidole Gumba cha Mbega

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo kutwa anachora wanyama kwenye madaftari yake ya zamani. Baba yake anasema bila chuo cha sanaa atakufa njaa. Wewe ulisomea wapi?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Sikusomea popote. Nilikuwa naandika mabango ya bucha na saluni hapa Arusha, na rangi inayobaki kwenye kopo ndiyo nikichorea wanyama. Hata Edward Saidi Tingatinga, alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli. La chuo baba asilikuze.

Ila kuna somo ambalo kijana hatalikwepa. Zamani nilichora mbega ameshika tunda, nikampa vidole vitano kila mkono, nikajiona fundi. Askari mmoja wa wanyamapori akaitazama ile picha, akauliza, "Huyu gumba kapewa na nani?" Mbega hana kidole gumba! Mahali pake pana kinundu tu. Tawi analidaka kwa vidole vinne alivyovikunja kama ndoano. Kumbe nilikuwa nimechora mkono wangu mwenyewe. Na picha nikaiuza hivyo hivyo, Mungu anisamehe.

Ndipo nikaanza kwenda msitu wa Ngurdoto na penseli tu, rangi naziacha nyumbani. Kule kwenye maziwa ya Momella niliwakalia heroe, wale ndege wa miguu mirefu, mpaka nikaelewa kwamba lile "goti" linalokunjika kinyumenyume ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha juu, ndani ya manyoya. Twiga naye akitembea, miguu miwili ya upande mmoja huenda karibu pamoja. Tembea maduka ya vinyago uone wangapi wamekosea hapo.

Kwa hiyo asinakili picha za kwenye simu. Nauli ikipatikana, ashukie Tengeru alfajiri, aende Ziwa Duluti akawaangalie ndege. Isipopatikana, kuku wa jirani wapo: amchore mmoja mara ishirini, akiparua, akioga vumbi, akilala.

Kuhusu njaa, hapo baba hajakosea. Picha za watalii zina msimu. Masika ikiingia, maduka yanalala. Mimi mabango ya bucha naandika mpaka leo.