Sikio Limepona, Maumivu Yamebaki

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 61. Miezi minne iliyopita nilitokwa na malengelenge ndani ya sikio la kulia na uso ukapinda upande huo huo. Malengelenge yalikauka na uso umeanza kunyooka, lakini sikio linawaka moto usiku kucha, na hata ushungi ukiligusa naumia. Nimetumia matone ya antibaiotiki mara tatu. Kwa nini haliponi?

Jibu: Shikamoo mama, na pole kwa mateso hayo. Kwa maelezo yako, inaelekea uliugua mkanda wa jeshi wa sikio, ugonjwa ambao daktari James Ramsay Hunt aliueleza mwaka 1907. Kirusi chake ndicho kile kile cha tetekuwanga: mtu akishapona, hubaki kimelala katika mishipa ya fahamu kwa miaka mingi, kisha huamka kinga ya mwili inapopungua, na kwako kiliamkia katika mshipa unaoendesha misuli ya uso, ndiyo maana sikio na uso viliugua pamoja.

Daktari akilichungulia sikio na kulikuta safi, basi kilichobaki ni jeraha la mshipa, ambao sasa hupeleka taarifa za maumivu kwenye ubongo bila kuumizwa na chochote, na mguso wa kitambaa huutafsiri kuwa ni kuungua. Matone hayo hayatakusaidia, kwa kuwa antibaiotiki huua bakteria; nakuomba usinunue chupa ya nne. Hata asikloviri, dawa ya kupambana na kirusi hicho, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze.

Muulize daktari kuhusu amitriptilini, ambayo ingawa inajulikana kama dawa ya sonona, kwa dozi ndogo ya miligramu 10 hadi 25 jioni hutuliza mishipa ya fahamu, au gabapentini, dawa nyingine ya maumivu ya mishipa hiyo. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na inanisikitisha kuona wagonjwa wakiiacha siku ya nne wakidhani haifanyi kazi. Mweleze kama una maradhi ya moyo, figo au presha ya macho, maana hayo huamua dawa na dozi yako. Kubali pia kupima VVU, kwani mkanda wa jeshi huweza kuwa dalili yake ya mwanzo katika umri wowote.

Tena, ikiwa jicho la kulia halifumbi sawasawa unapolala, usisubiri: nenda kliniki ya macho wiki hii, kwani jicho likikauka hupata kidonda.