Vidonge vya vitamini kwa wazee: pimeni B12 kwanza

Dada, umeuliza kama umnunulie mamako vile vidonge vya "kurudisha kumbukumbu", maana siku hizi anasahau sufuria motoni. Mimi namuuguza mama mkwe hapa Majengo, nakwambia niliyoyaona.

Je, mama ana sukari? Kama amemeza metformini, dawa ya sukari, kwa miaka, ombeni apimwe vitamini B12 kwenye damu, maana ikipungua huweza kuleta kusahau. Dawa yenyewe ni nzuri, lakini huzuia B12 isifyonzwe vizuri. Omeprazoli za kiungulia, zikitumiwa muda mrefu, nazo ni vivyo hivyo. Na uzee wenyewe hupunguza asidi ya tumbo inayoitoa B12 kwenye chakula. Mama mkwe alikuwa navyo vyote vitatu, na juu ya hayo meno hana, nyama haigusi. Maisha yake mbaazi za nazi, mahamri na chai ya rangi. Tamu wallahi, lakini B12 haimo! Iko kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa.

Miguu ilikuwa ikimfa ganzi, jamaa wote wakisema ni sukari tu. Daktari akaagiza kipimo, B12 ikatoka chini mno, akaanzishiwa sindano. Uchovu ndio uliotangulia kuondoka, ganzi ikapungua polepole. Kusahau? Majina ya wajukuu sasa hayamchanganyi, lakini swali moja bado ataliuliza mara kadhaa kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo usitarajie muujiza. Mwambie daktari aangalie na tezi ya shingo, masikio, hata huzuni.

Hizo multivitamini za kawaida, yaani vidonge vya vitamini mchanganyiko, huko Marekani utafiti wa COSMOS, matokeo ya 2022, uliona wazee waliozimeza kila siku kwa miaka 3 wakipata nafuu ndogo ya kumbukumbu. Lakini utafiti mwingine wa huko huko, wa madaktari wanaume wazee, uliochapishwa 2013, haukuona tofauti yoyote. Mimi pesa hiyo ningenunua mayai na samaki pale sokoni Kongowea.

Cha kuogopa ni foliki asidi, vitamini nyingine ya kundi B, ikiwa nyingi kabla B12 haijapimwa: damu huweza kuonekana nzima huku mishipa ya fahamu ikiharibika. Na kama mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usimpe kidonge chenye vitamini K wala E kabla daktari wake hajakiona.