Ankara ya .com imepanda: nani kapandisha?

SWALI: Kaka, nashona magauni ya vitenge hapa Tanga. Tovuti yangu ya .com nilifunguliwa na kijana wa kompyuta, mwaka wa kwanza nikalipa Sh. 30,000. Safari hii kaniletea ankara ya Sh. 85,000, anasema Wamarekani wamepandisha. Ni kweli? Nikigoma je? – Fundi wa vitenge

JIBU: Dada yangu, wamepandisha kweli, ila si kwa kiasi hicho.

Daftari la majina yote ya .com linashikwa na kampuni moja tu, Verisign ya Marekani. Kila msajili duniani, yaani kampuni inayotuuzia majina hayo, huilipa bei moja ya jumla kwa kila jina kwa mwaka, na ukomo wa bei hiyo umo kwenye mikataba yake na Wizara ya Biashara ya Marekani na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti. Kuanzia 2012 bei iliganda kwenye dola 7.85. Mwaka 2018 serikali ya huko ikalegeza kamba: katika kila miaka sita, minne ya mwisho waruhusiwe kuongeza hadi asilimia 7 kwa mwaka. Ruhusa ikatumika yote. Septemba 2021 ikawa dola 8.39, halafu 8.97, halafu 9.59, na Septemba 2024 ikafika 10.26. Kwa maoni yangu huko ni kutuonea. Kuongeza jina moja kwenye daftari hakugharimu kitu cha maana, na mtu aliyekwisha kuchapa anwani yake kwenye lebo za magauni hana pa kukimbilia. Wanalijua hilo.

Tuje kwenye ankara yako. Dola 10.26, weka na ada ya ICANN ya senti 20: 10.46. Dola ikiwa Sh. 2,500, hiyo ni kama Sh. 26,150. Kijana ana haki ya kuweka kodi, makato ya benki na faida yake, lakini kutoka hapo hadi 85,000 ni mbali. Huenda humo ndani kuna na malipo ya kuhifadhi tovuti. Muombe akuandikie jina peke yake na uhifadhi peke yake, kila kimoja na bei yake.

Kugoma usithubutu. Jina likifutwa baada ya muda kupita, kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini nzito, kisha linaachiwa na yeyote anaweza kulichukua.

Wala usikimbilie zile .shop na .online za bei ya kutupa. Hizo hazina ukomo wa bei kabisa; mwenye daftari akitoa taarifa siku 180 kabla, anapandisha ada ya kulipia upya apendavyo. Hata .org iliondolewa ukomo mwaka 2019. Ukipenda la nyumbani, kuna .co.tz. Uliza bei ya mwaka wa pili kabla hujalipa wa kwanza.

La haraka kuliko yote: jina limesajiliwa kwa nani? Kama ni kwa barua pepe ya kijana, mwambie aweke yako wiki hii, kabla hamjabishana bei. Kisha omba msimbo wa kuhamisha, ile namba ya siri ya kulitoa jina kwa msajili mmoja kwenda mwingine. Kuhamia kwa msajili mwingine kwa kawaida huongeza mwaka mmoja juu ya muda uliobaki, na unaweza kulipia hadi miaka 10 mbele kwa bei ya leo. Msimbo huo mpe msajili mpya tu.